Kifungashio Nilichokituma Mabira

Jumatatu, 6 Mei

Kahawa ya kwanza imeiva upande wa bondeni. Gloriose, mke wa mwanangu, ameniletea matunda machache kiganjani niyaone, maana mimi siwezi tena kushuka huko. Miguu imevimba. Daktari alisema moyo wangu umechoka. Hakuficha, nami nilimshukuru kwa hilo. Nimeamua kuandika kidogo kila nitakapoweza, mpaka mavuno yaishe au niishe mimi.

Leo mjukuu wangu Ainembabazi ameanza masomo katika chuo cha wananchi kule Ihanda. Kozi ya cheti, ubunifu wa vifungashio. Nimekuwa mwalimu maisha yangu yote, nimewafundisha watoto wa Nyaishozi mito ya dunia na milima yake, na mjukuu wangu wa pekee anasomea mifuko. Nilimwambia hivyo. Akacheka, akasema, "Hata wewe Babu una kifungashio chako, lile koti la kanisani."

Jana jioni mwanangu Cleophace alimpiga Gloriose kwa mguu wa kigoda kwa sababu ndizi hazikuwa zimeiva vizuri. Nilisikia. Niliongeza sauti ya redio.

Alhamisi, 9 Mei

Mvua. Kahawa yote imeingizwa ndani.

Jumamosi, 18 Mei

Ainembabazi amekuja na rula ya chuma, mkasi na gundi, ameigeuza baraza yangu kuwa karakana. Anasema mwalimu wao, Naila, mwanamke wa Kayanga ambaye ukoo wake ulitoka pwani, aliwapa pakiti ya biskuti na kuwakataza kuifungua. Akawauliza: imewaahidi nini? Walidhani ni mzaha. Kufikia saa ya kutoka walikuwa bado wanajibu.

Kazi yake ya kwanza ameichukua hapa hapa nyumbani. Katika miji yetu, yaani nyumba zetu za ukoo, mgeni hapewi chai kwanza. Hupewa kahawa ya kutafuna: matunda yaliyochemshwa na majani ya harufu, yakakaushwa juu ya moshi, yakafungwa katika magamba makavu ya mgomba. Hutafuna mawili matatu ndipo aulizwe ametoka wapi. Na mke aliyepigwa akakimbilia kwao, mkuu wa mji humpelekea kifurushi cha namna hiyo. Maana yake ni rudi, katika mji wangu hakuna atakayekuinulia mkono. Baba yangu alipata kukipeleka. Mke wa ndugu yangu aliporudi, baba alihamishia kigoda chake mlangoni kwao, akakaa pale na mkuki magotini mpaka ndugu yangu alipopoa. Hayo nilimsimulia mtoto, akaandika kila neno.

Kifungashio chake ni gamba la mgomba kwa nje na karatasi ya khaki kwa ndani. Mdomo unakunjwa, unazibwa kwa nta ya nyuki, na juu ya nta amebonyeza kidole gumba chake. Kwenye lebo ameandika kwa mkono: Kahawa ya Gloriose, Nyaishozi. Gloriose alipoisoma alijifuta macho kwa ncha ya kitenge, akasema ni moshi.

Kimoja amenipa mimi. "Hiki chako, Babu. Usikifungue mpaka Krismasi, halafu utaniambia kama harufu imetoroka." Nimekiweka rafuni juu ya kitanda.

Jumatatu, 27 Mei

Mbwa alimbwekea Cleophace alipokuwa akitoka kunywa rubisi, pombe ya ndizi. Amemkata mbwa shingo kwa panga, mchana, mbele ya wavunaji. Hakuna aliyesema kitu. Hata mimi.

Jumatano, 5 Juni

Imetokea kwa sababu ya jina.

Ainembabazi alikuwa ameacha vifungashio vyake jikoni, vimepangwa kwenye ungo, vya kupeleka chuoni wiki ijayo. Mwalimu anataka kuchagua vya maonyesho ya Nane Nane. Cleophace aliingia kutafuta kiberiti, akaviona. Nilikuwa barazani, jikoni kunaonekana vizuri kutoka hapo. Aliinua kimoja, akasoma lebo polepole, midomo ikicheza. Akamuuliza mkewe kahawa hii imekuwa ya Gloriose tangu lini. Gloriose akajibu kwamba ni zoezi la shule tu, mtoto alihitaji jina.

"Mimi sina jina?"

Akamwaga ungo wote motoni. Gloriose akapeleka mkono kuviokoa. Cleophace akachukua reki ya kuanikia kahawa akampiga nayo mgongoni, na ilipovunjika akaendelea na kipande kilichobaki. Alimpiga mdomoni. Alimkanyaga. Gloriose hakulia kwa sauti. Alikuwa akitoa mlio mfupi kila pigo, kama mtu anayepasua kuni. Wavunaji walisimama katika mistari ya kahawa, vikapu viunoni. Mmoja wa wanawake alinitazama mimi. Niliita, "Cleophace, yatosha." Sauti yangu haikufika hata uani.

Cleophace alipotoka kwenda zake, Gloriose aliinuka akiwa na jino mkononi. Akalifunga kwenye pindo la kitenge, akapita mbele yangu, akasema, kwa lile neno letu la baba, "Tata, nimekuaga." Muzamil, kijana wa bodaboda wa pale senta, alimchukua mpaka Mabira, kwa kaka yake Projest.

Naandika ninavyofikiri leo: kama mtoto angeandika jina la baba yake, haya yasingetokea.

Jumatano, 12 Juni

Nimekula kiporo. Dada yangu Sperancia huja mara moja kwa siku, hupika akilalamika. Kahawa inaoza kwenye mikeka, hakuna wa kuigeuza.

Cleophace alikaa kitandani kwangu akalia kama mtoto. Anasema, Tata, mwite, wewe atakusikiliza.

Jumatano, 19 Juni

Nilifunga kifurushi cha kahawa kwa mikono yangu, kwa magamba ya mgomba wa nyumbani, kama baba alivyofanya. Vidole vinatetemeka lakini fundo lilikaa. Muzamil akakipeleka Mabira.

Kimerudi kama kilivyokwenda. Projest hakutukana, Muzamil anasema, ila alicheka. Gloriose alituma maneno: "Mwambieni Tata ninamheshimu. Lakini alikuwa barazani. Nitarudi siku Ainembabazi atakaponiambia nirudi, si mwingine."

Katika ukoo wetu hakuna mkuu wa mji aliyewahi kurudishiwa kahawa yake. Nimekificha chini ya mto, Sperancia asikione.

Jumapili, 23 Juni

Nilimwita Cleophace baada ya ibada nikaweka Biblia juu ya meza. Nikamwambia aweke mkono, aape kwamba Gloriose akirudi hatamgusa. Alikuwa ananoa panga la kufyekea. Hakuacha kunoa.

"Niape kwa ajili ya nini, Tata? Mtu akirudi kwake, amerudi kwake."

Nilimwambia tena. Akasema kwanza arudi, mengine yatajulikana. Kisha akajaribu makali kwenye kucha ya kidole gumba na kwenda bondeni.

Hakuapa. Nayaandika hayo wazi, ili nisije nikajidanganya baadaye.

Alasiri nilikitoa kifungashio cha Ainembabazi rafuni. Nta yake ilikuwa nzima, mistari ya kidole chake inaonekana. Nilimwita Muzamil nikampa. Nikamwambia, "Peleka Mabira. Mwambie mama Ainembabazi: mwanao anasema rudi."

Muzamil akauliza kama Ainembabazi alipita nyumbani. Nikasema ndiyo.

Nitasema sababu zangu. Nilitaka mji usifungwe nikiwa hai. Nilitaka uji wa moto asubuhi. Nilitaka kahawa iliyorudishwa isijulikane. Niliona kwamba mwanamke akiwa nyumbani, mambo yangejipanga yenyewe.

Jumanne, 25 Juni

Lazima niandike leo.

Gloriose alifika kabla ya adhuhuri. Jua lilikuwa kali, ardhi imekauka. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Alimwambia Muzamil asubiri kidogo kivulini, akaingia uani akiwa ameshika kile kifungashio kwa mikono yote miwili, kama mtu anavyopokea kitu kwa heshima. Alikuwa hajakifungua. Alipiga goti mbele yangu, akanisalimu, akasema alitaka kukifungulia hapa, ili mwanawe akija Jumamosi amwambie kwamba nta ilikuwa nzima.

Alitabasamu. Niliona pengo la jino.

Nilipaswa kumwambia geuka. Nilikuwa na muda. Cleophace alikuwa bado anapanda kutoka bondeni, nilimwona kati ya migomba kabla yeye hajamwona. Nilichosema ni, "Karibu nyumbani, mwanangu."

Alikuja bila kukimbia. Hakumwuliza kitu. Gloriose aliposikia hatua aligeuka, akainuka, akainua mkono wa kulia mbele ya uso, kifungashio kikiwa bado kiganjani. Panga lilipita. Mkono ulianguka juu ya mkeka wa kahawa, vidole vikiwa bado vimeshika. Pigo la pili lilimpata begani. La tatu lilipiga nguzo ya baraza, likanasa, na hapo ndipo Muzamil alipomrukia kwa nyuma na jiwe.

Damu ya mtu ni nyingi. Ilijaa kwenye mkeka, ikapita chini ya matunda ya kahawa, ikafika kwenye viatu vyangu. Muzamil alivua shati akamfunga mkono juu ya kiwiko, akakaza kwa mpini wa reki iliyovunjika. Cleophace aliinuka akatazama alichofanya, akatazama mimi, akakimbilia bondeni.

Kabla hawajampakia, Gloriose alikuwa na fahamu. Hakunitazama. Alirudia neno moja tu: "Ainembabazi. Ainembabazi." Nilidhani anamwita. Sasa naelewa hakuwa anamwita.

Alhamisi, 27 Juni

Walimpata Cleophace kwenye shamba la jirani, amelala chini ya miti ya kahawa. Vijana wa ulinzi wa mavuno. Mtendaji wa kijiji alikuwa amekwisha kutuma watu polisi, lakini vijana hawakungoja.

Walimpitisha mbele ya nyumba yangu wakimburuta kwa kamba ya ng'ombe. Wote niliwafundisha, au niliwafundisha baba zao. Walimpiga kwa mawe na kwa mchi. Mmoja alikuwa na nondo. Cleophace aliniona, akaita, "Tata." Mchi ukamshukia tayani na hakuita tena.

Niliinuka nikaanguka. Nikiwa chini nilisema, "Acheni." Ningeweza kusema: mimi ndiye niliyemleta yule mwanamke kwenye panga, njooni mniulize mimi. Wangesimama kwa mshangao, hata kwa muda mfupi, na gari la polisi lilikuwa limeshafika kwenye lami. Nilisema acheni tu, kama mwalimu wa zamu.

Alikata roho garini. Alikuwa mtoto wangu wa pekee aliyekua.

Jumamosi, 29 Juni

Mazishi. Watu wengi kuliko Pasaka. Mchungaji aliomba kwa ajili ya baba aliyejaribu kuponya mji wake. Wazee walinishika mikono. Mmoja alisema nimebeba msalaba kwa uvumilivu.

Ainembabazi alikuja kutoka hospitali, ambako wajomba zake walikuwa wamemzuia mlangoni. Mama yake alikuwa amewaambia hataki kumwona. Alipokaribia kaburi la baba yake na konzi ya udongo, Sperancia alimzuia.

"Umemwita mama yako akatwe, na baba yako akafa kwa ajili hiyo. Udongo wako kautupe kwingine."

Ainembabazi akasema hakumwita mtu. Akasema kifungashio alinipa mimi, na mimi niko hapa, niulizwe. Akanigeukia. Watu wote wakanigeukia.

"Babu. Waambie nilikupa wewe."

Nilisema sikumbuki. Nilisema mimi ni mzee, siku hizi vitu vingi vinapita mikononi mwangu.

Aliutazama udongo mkononi. Kisha akafungua konzi, udongo ukamwagika juu ya viatu vyake mwenyewe, akaondoka. Sperancia akanifunika blanketi magotini.

Jumamosi, 6 Julai

Baridi ya asubuhi. Kahawa inavunwa na watu wa kanisa, kwa kunihurumia.

Alhamisi, 18 Julai

Mwalimu Naila amekuja. Mwanamke mfupi, hijabu ya kijivu, viatu vimejaa vumbi la Ihanda. Aliniamkia shikamoo, akakaa. Nilimwagiza Sperancia alete kahawa ya kutafuna. Naila aliichukua kiganjani, hakuitia mdomoni.

Alinieleza bila kupandisha sauti. Jumatatu, Projest na mdogo wake walimngoja Ainembabazi kwenye njia ya chuo. Walimpiga kwa fimbo za kuchungia mpaka alipolala, kisha mmoja akamkalia mgongoni na mwingine akaweka mkono wake wa kulia juu ya jiwe na kuukanyaga kwa kisigino. Walisema kila mtu alipe kwa alichotumia. Vidole viwili vimevunjika. Hakwenda polisi. Amelala bwenini, hataki kuingia darasani. Amechoma kazi zake zilizobaki.

"Ameniambia hatatengeneza tena kitu ambacho mtu mwingine anaweza kukibeba," alisema Naila.

"Mzee, wewe ni mwalimu mwenzangu, nitakuuliza kama mwalimu. Kile kifungashio ulikitoa wapi?"

Nilisema nimechoka, kifua kinabana. Ilikuwa kweli, kifua kilibana. Aliinuka, akaiweka kahawa yangu mezani moja moja, akaniaga vizuri kuliko nilivyostahili.

Nilikuwa nikimdharau kwa sababu anafundisha mifuko. Leo niliogopa macho yake.

Jumapili, 28 Julai

Meza ya Bwana. Niliungama pamoja na wote, kwa maneno ya kitabu, nikapokea. Mkate uligoma kooni. Sperancia alinipiga mgongoni mpaka ukashuka. Kumwambia Mungu ni rahisi, yeye alikuwepo.

Jumatano, 7 Agosti

Kesho ni Nane Nane. Maji yamepanda mpaka tumboni, nalala nimeketi. Muuguzi ameniambia niwaite ndugu. Ndugu gani.

Jumatatu, 12 Agosti

Leo nilikwenda Mabira.

Nilimwita Muzamil nikamwambia ninataka kumwona Gloriose kabla sijafa. Alinifunga mgongoni kwake kwa kanga mbili za mkewe Maua, kama mtoto. Sperancia alisimama njiani akipiga kelele kwamba Muzamil ananiua. Vumbi la kiangazi, mashimo. Kila shimo nililisikia moyoni.

Tulipovuka kuingia upande wa Kyerwa nilimwambia. Nilisema mgongoni mwake, mdomo wangu karibu na sikio lake: Ainembabazi hakupita nyumbani siku ile. Hakusema mama yake arudi. Maneno yalikuwa yangu.

Muzamil alizima pikipiki. Tulikaa hivyo, tumefungwa pamoja, katikati ya barabara. Kisha akafungua kanga, akaniegemeza kwenye tuta, akaenda mbali kwenye nyasi na kunipa mgongo. Nilidhani ataniacha. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Mzee, mimi ndiye niliyesema maneno yale. Kwa mdomo wangu. Aliniuliza mara ya pili, na mara ya pili nikasema ndiyo, mwanao anasema rudi."

Akanifunga tena, akakaza mpaka nikashindwa kupumua vizuri. "Sikufungi kwa huruma," alisema. "Nakufunga usianguke kabla hujasema."

Gloriose alikuwa uani kwa Projest, anapepeta maharage. Alikuwa ameubana ungo kati ya magoti na kigutu cha mkono wa kulia. Amekonda, shingo imekuwa kama ya mwanamke wa rika langu. Projest alitoka nyuma ya nyumba na fimbo. Alinisalimu kwa kinyongo, "Karibu, Waitu," neno letu la kumheshimu mzee, na akaagiza niletewe kahawa ya kutafuna. Nilikataa. Nilisema kwanza wasikie.

Nilisema yote. Kwamba Cleophace hakuapa, na nilijua hakuapa. Kwamba nilimwona anapanda kutoka bondeni na nikamkaribisha mkewe badala ya kumwambia akimbie. Kwamba mtoto aliniomba kaburini nami nikasema sikumbuki, na nilikuwa nakumbuka.

Maharage yalimwagika. Gloriose aliinuka akaja mpaka mbele ya kigoda, akanipiga kofi. Alinipiga kwa mkono wa kushoto, ndio aliobaki nao. Akanipiga tena. Miwani ikaruka. Tangu nilipokuwa mwanafunzi hakuna aliyewahi kunipiga. Nilikuwa nimesahau kwamba sikio hulia kengele. Muzamil hakusogea.

Projest alikuwa ameinua fimbo. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Nadhani alikuwa anakumbuka jiwe na kisigino. Nilifumba macho nikangoja. Nakiri niliitamani ile fimbo.

"Muache," Gloriose alisema. "Akifia hapa atazikwa kwa heshima, na mwanangu atabaki muuaji. Arudi Nyaishozi akaseme mbele ya watu waliomsifu."

Kisha akanigeukia. Hakuniita Tata. "Mwalimu, utasema?"

Nilisema nitasema.

"Kanisani?"

"Kanisani."

Akamgeukia kaka yake. Alimuuliza mwanawe yuko wapi. Fimbo ilimponyoka Projest. Gloriose akamsogelea, akauliza mara ya pili, kwa sauti ya chini sana, mmemfanya nini mwanangu, na mimi na Muzamil tulipokuwa tunatoka uani tulisikia jibu, na baada ya jibu tulisikia kilio ambacho Gloriose hakukitoa hata siku ya panga.

Jumapili, 18 Agosti

Mchungaji alinipa nafasi baada ya matangazo. Alidhani ninataka kushukuru kwa rambirambi. Nilisimama nimeshika benchi la mbele. Nilisema kwa Kiswahili, kisha nikasema yote tena kwa Kinyambo, pasiwe na mtu wa kusema hakuelewa.

Mtoto mchanga alilia, akatolewa nje. Halafu Sperancia aliinuka kutoka upande wa wanawake, akaja mpaka nilipo. "Umenifanya nimfukuze mtoto kwenye kaburi la baba yake." Akatema mate sakafuni kati ya viatu vyangu, ndani ya kanisa, akatoka. Wengine wakamfuata. Mchungaji alifunga ibada bila baraka, nadhani alisahau.

Alasiri polisi walikuja na mtendaji, wakaandika maelezo, wakaniambia nisitoke wilayani. Nusura nicheke.

Alhamisi, 22 Agosti

Mawe juu ya bati, mchana. Kahawa iliyo karibu na nyumba imekatwa, mistari mizima, miti aliyopanda baba. Wamekata kwa ustadi, chini kabisa. Nilitazama kupitia dirisha. Niliwatambua wawili. Sikuita.

Maua huleta uji na kuuacha mlangoni.

Jumatatu, 9 Septemba

Mvua imerudi. Visiki vimetoa machipukizi. Muzamil anasema Ainembabazi ameingia darasani tena, anajifunza kukata kwa mkono wa kushoto. Anasema mama yake amehamia Ihanda, wamepanga chumba karibu na chuo.

Jumamosi, 21 Septemba

Walikuja leo wote wawili, bila kuniarifu.

Niliwasikia uani nikadhani ni wenye mawe. Ainembabazi aliingia kwanza. Vidole vyake viwili vimeungana vibaya, vinaelekea pembeni. Gloriose alibaki wima karibu na mlango, akitazama nguzo ya baraza, pale panga liliponasa. Kovu la mti bado linaonekana.

Sikuomba msamaha. Nilikuwa nimejiandaa kuuomba tangu Agosti, lakini walipoingia niliona kwamba ningekuwa nawatuma tena kazi yangu.

Ainembabazi alifungua begi akatoa kifungashio. Alisema ni kazi yake ya mtihani wa cheti, na sharti la mtihani ni kijaribiwe na watu wanaokihitaji. Gamba la mgomba ni lile lile. Ila kitako ni kipana, kimeshonewa kokoto mbili ndani, kinasimama chenyewe bila kushikwa. Mdomoni kuna ulimi mfupi wa nyuzi za mgomba. Lebo imeandikwa kwa mwandiko mpya, wa mkono wa kushoto, unaopanda na kushuka: Kahawa ya Gloriose.

Alikiweka mezani, akarudi nyuma. Hakumsaidia mama yake. Gloriose alikuja, akakibana kidogo kwa kiganja chake kimoja, akauvuta ulimi kwa kidole gumba. Kikafunguka. Alichukua tunda moja, akaling'ata katikati, nusu akatafuna, nusu akampa mwanawe. Wakatafuna wakiwa wamesimama, wanatazamana, kana kwamba mimi sipo.

Kisha Ainembabazi akatoa cha pili, akakiweka magotini mwangu.

"Hiki ni cha mtu mwenye mikono inayotetemeka," alisema. "Fungua."

Nilijaribu. Ulimi uliniponyoka mara ya kwanza na ya pili. Alitazama bila kusogea, kalamu mkononi. Mara ya tatu niliushika, nikavuta, na harufu ikatoka yote kwa pamoja: moshi, majani, kahawa, jiko la Gloriose la asubuhi yoyote kabla ya mwaka huu. Nilipeleka vidole ndani.

"Inatosha, Babu."

Aliandika kitu kwenye karatasi yake. Akakichukua kifungashio magotini mwangu na kahawa yake yote, akakitia begini, wakatoka. Nilisikia Gloriose akimwambia ashike vizuri, njia inateleza.

Mvua imeanza tena. Harufu bado imo chumbani. Sperancia angekuwepo angefungua dirisha.